Kipande cha Chama

Nilikabidhiwa kompyuta kubwa ya kampuni kwa sababu nilijua kuimba nyimbo za kanisani kwa Kiingereza. Sifanyi mzaha. Nilizaliwa Musumba, upande wa Kapanga, nikasoma kwenye misheni ya Waprotestanti, na wamisionari wa Kiamerika walitufundisha kushona, kuchemsha maji ya kunywa na kuimba kwa lugha yao habari za mto Yordani. Kwa hiyo Mbelgiji aliyekuja Kolwezi pamoja na ile mashine alipofunga masanduku yake na kuondoka kabla mkataba haujaisha, akatuachia kabati zima la vitabu vya maelekezo kwa Kiingereza, Shefu wetu alifungua kimoja, akakifunga taratibu kama mtu aliyefungua mlango wa choo akakuta kuna mwenzake ndani, kisha akauliza biro nzima, yaani ofisi yetu yote, ni nani anayejua maneno haya. Mwenzangu wa meza ya jirani akanisonta kidole. Tangu asubuhi hiyo nikawa mtaalamu.

Ilikuwa miaka ya Zaire. Hatukuwa tena na Monsieur wala Madame. Sote tulikuwa Citoyen na Citoyenne, raia kwa raia, ingawa baadhi ya raia walikuwa na gari na dereva. Wanaume wa ofisini walivaa abakosti, lile koti linalofungwa hadi shingoni ili tai ya kikoloni isipate pa kukaa. Sisi wanawake tulivaa vikwembe, yaani vitenge, maana suruali ya mwanamke ilikuwa imegunduliwa kuwa hatari kwa taifa. Nchi ilikuwa na shaba, kobalti na maadui wengi, na suruali yangu ilikuwa mmoja wao.

Kampuni ilichimba shaba, na biro yetu ilihesabu kila kilichotoka na kila kilichoharibika. Mashine ilikaa kwenye chumba chake chenye kiyoyozi, mahali pekee penye baridi katika jengo lile. Kwa sababu ya vumbi jekundu, sheria ilikuwa kwamba kila anayeingia avue viatu mlangoni. Wakuu wa idara walikuwa na shida nyingi sana za kompyuta nyakati za joto. Walikuja, wakavua viatu, wakasimama mbele ya kiyoyozi wakiuliza maswali ambayo hawakungoja majibu yake. Niliziona soksi zao wote, na ninaweza kushuhudia kwamba cheo hakizuii kidole gumba kutoka nje.

Shefu wangu alikuwa Mkatoliki kutoka kaskazini ya mkoa, mtu mwembamba mwenye miwani, mpole, na mwoga kiasi kwamba hata "habari za asubuhi" aliijibu "tutaona". Sikumlaumu sana. Vita vilikuwa vimepita Kolwezi miaka michache tu iliyotangulia, na kila mtu mzima mjini alikuwa amejifunza kujibu kidogo. Ila mimi, kijana wakati huo, nilimwona kuwa pazia tu: lipo, linapepea, halizuii kitu.

Mfumo ulioiendesha mashine uliitwa Unix, jina ambalo Shefu alilitamka kwa heshima kama jina la mkwe. Nami nikaanza kusoma vitabu vya Mbelgiji. Kiingereza cha vitabu hivyo hakikuwa cha misheni. Hakuna mmisionari aliyewahi kunifundisha kwamba kazi ya mashine inayozaa kazi nyingine huitwa mzazi, kwamba mzazi huyo anaweza kumuua mtoto wake kwa amri ya neno moja, kwamba mtoto aliyekufa bila mzazi kumpokea anageuka mzuka na kubaki akizurura, au kwamba karatasi zetu zote zilichapwa na pepo anayeishi chini kwa chini bila kuonekana. Baba yangu, muuguzi wa hospitali ya misheni, aliponiandikia kuuliza kazi mpya ikoje, nilimjibu kwamba ni nzuri na kwamba kuna baridi.

Moyo wa mfumo huo, sehemu inayoamka kwanza na kuongoza mengine yote, Mbelgiji aliuita kwa Kifaransa *noyau*. Sisi tukauita kokwa, kama la embe. Kokwa lilikuwa programu. Liliandikwa kwa maneno na namba ambazo mtu anaweza kusoma, halafu mashine ikayageuza maandishi hayo kuwa lugha yake yenyewe. Kazi hiyo ya kugeuza tuliiita kupika, na kokwa moja lilipikwa kwa karibu asubuhi nzima.

Diski yetu ilipokaribia kujaa, kampuni iliagiza nyingine. Ikachukua muda mrefu hata tukaisahau, kisha siku moja stesheni wakapiga simu: kuna sanduku letu limekuja na treni kutoka Lubumbashi, kubwa kama mashine ya kufulia, na waliomba tuje kulichukua kwa sababu mbuzi wa mtu walikuwa wameanza kulipanda. Malori ya kampuni yalikuwa yote garaji, yakingoja vipuri ambavyo kompyuta yetu ilisema kwamba vipo. Basi nikaenda kumwomba jirani yangu, mfanyabiashara Mwislamu ambaye ukoo wake ulitoka Maniema, na lori lake lilikuwa limerudi tu kutoka Mutshatsha na makaa. Hivyo ndivyo kifaa kile, ambacho kitabu kilionya kisiguswe hata na moshi wa sigara, kilivyoingia mjini kikiwa juu ya magunia ya makaa.

Jirani alisimama pembeni akiangalia wanaume wakilishusha kwa kamba.

"Mama," akaniuliza, "hii disque yenu iko na nyimbo za orchestre gani?"

"Haina nyimbo, Tata."

"Ukubwa huu, na nyimbo hamna?"

"Ni ya kuweka maandishi ya kampuni."

Alitikisa kichwa kwa huruma. "Bismillahi. Na muziki mnaweka wapi?"

Alitangaza mtaa mzima kwamba napokea diski mpya kutoka Ulaya, na kwa majuma kadhaa vijana waligonga mlango wangu wakitaka kujua ya rumba nitaanza kuiazimisha lini.

Sasa nieleze shida ilivyokuwa, maana yote yaliyofuata yalitokana nayo. Diski ile haikutumika ikiwa nzima. Ilibidi ikatwe vipande, kila kipande na mpaka wake, ili kazi za idara moja zisiingilie za nyingine. Leo mtu anafanya hivyo akinywa chai. Wakati ule, mipaka iliandikwa ndani ya kokwa lenyewe, namba juu ya namba: kipande hiki kinaanzia hapa, kinaishia pale. Ukitaka kuigawa diski, unabadilisha namba, unapika kokwa upya, unazima mashine, unaiwasha na kokwa jipya, unamwomba Mungu. Na ukishaweka maandishi ndani, huwezi kusogeza mpaka tena bila kuyaharibu. Kwa hiyo nilihitaji kujua mapema nani anahitaji kiasi gani. Nikamwuliza Shefu. Mi niliuliza swali la kazi. Yeye alisikia swali la siasa, na akaitisha mkutano.

Mkuu wa Jiolojia alikuja na ramani ya mashimo ya Mashamba, moja ya migodi yetu, akaitandaza mezani, akaeleza kwamba kila tundu la kuchoronga lina namba zake, na kwamba bila namba hizo kampuni haijui inachimba shaba au inachimba kaburi. Alihitaji nusu ya diski. Mkuu wa Magazini, aliyetunza vipuri vyote, akasema kuchimba kunafanywa kwa mashine, na mashine zinafanywa kwa vipuri, kwa hiyo nusu ni yake. Shefu akasema kwa sauti ndogo kwamba Direction, yaani wakubwa wa kampuni, nayo ingependa kuwekewa akiba ya heshima. Nusu mbili na heshima: hesabu hiyo ilikuwa imekwisha kushinda diski, na bado hatujanywa hata maji.

Hapo akaingia mwakilishi kazini wa Chama, kile pekee kilichoruhusiwa nchini. Hakuna aliyemwalika, Chama hakikualikwa mahali, kilikuwepo tayari. Alikuwa mtu mnene, mchangamfu, mwenye sauti ya kuhutubia hata anapoomba chumvi. Hakuketi.

"Citoyens," akasema, "hii disque njo ya nani?"

Tukatazamana.

"Ni ya kampuni," akasema Shefu.

"Na kampuni njo ya nani?"

"Ya taifa."

"Na taifa?" Akatusubiri kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Basi Chama iko na kipande yake. Mu kila nyumba Chama iko. Mu kila biro iko. Itakosa je mu mashini?"

"Ya kuweka nini?" aliuliza mkuu wa Jiolojia. Nadhani yalimtoka tu. Alipogundua kuwa amesema kwa sauti, aliinamisha kichwa juu ya ramani yake, akaanza kuchunguza kwa makini sana shimo moja.

Mwakilishi akainua mikono juu. Alianza kupiga makofi, nasi tukapiga, na hivyo Chama kikapata robo, wengine wakapunguziwa.

Kesho yake Shefu alikuja mezani kwangu na mgawanyo ule. Nilikuwa nimeandika pendekezo langu, na ndani yake kulikuwa na kipande kimoja ambacho hakikuwa cha idara yoyote. Shefu aliweka kidole juu yake.

"Hiki ni cha nani, Mama?"

"Ni cha mashine yenyewe, Shefu. Kumbukumbu yake ni ndogo. Watu wakifanya kazi pamoja, inachukua kazi ya mmoja inaiweka pale kidogo, inashughulikia ya mwingine, halafu inairudisha. Kitabu kinasema swap. Ni mahali pa kubadilishana."

"Kwa hiyo hakuna mkuu wa idara."

"Hakuna."

"Na hakuna mutu atakuja kulalamika."

"Mashine italalamika."

Alifikiri. Niliona kwamba alikuwa anapima hasira ya mashine upande mmoja na hasira ya raia wanne upande mwingine. "Kata hicho," akasema.

Nilibishana, tena sana, mpaka mwenzangu wa jirani akatoka nje kwa aibu. Nilimwonyesha ukurasa wa kitabu. Shefu alikitazama Kiingereza kile kwa huzuni, akarudia kwamba mkutano umekwisha kuamua, na kwamba diski zote mbili, ya zamani na mpya, zigawanywe hivyo. Nilibakiza ukingo mwembamba wa swap, kama mtu anavyobakiza njia ya kupita kati ya nyumba mbili zilizojengwa vibaya, nikaenda kupika kokwa.

Kwanza tulinakili kila kitu kwenye kanda, moja baada ya moja. Halafu nikabadilisha namba. Mara ya kwanza niliweka alama ya mkato mahali pasipotakiwa, na mashine ikapika, ikapika, kisha ikasimama katikati na kuchapa ukurasa mzima wa matusi ya Kiingereza. Nikaanza upya. Kokwa la zamani sikulifuta. Nililibadilisha jina na kuliweka kando, maana jipya lisipoamka na la zamani halipo, unachobaki nacho ni kabati la chuma lenye taa. Nilipozima mashine, chumba kilinyamaza kwa namna ambayo sikuwa nimeizoea. Shefu alisimama nyuma yangu na soksi zake za kijivu. Nikaiwasha. Diski zilianza kuvuma, polepole kisha kwa kasi, na kile chombo cha kuchapa kando ya mashine kikaandika mstari, kikatulia, kikaandika mwingine.

"Imeamuka?"

"Imeamka, Shefu."

Akafanya ishara ya msalaba, haraka, kifuani tu, ili isionekane ni ndefu.

Mashine iliendelea vizuri alipokuwa akifanya kazi mtu mmoja. Wawili walipoingia, ilianza kukokota. Siku ya pili, watu watatu walipokuwa kwenye meza zao, Jiolojia wakiingiza namba za Mashamba na Magazini wakitafuta mikanda ya mitambo, chombo cha kuchapa kiliamka peke yake, kikagonga neno moja na mashine ikafa. Shefu akaja mbio, akaichomoa karatasi.

"Hii inasema nini?"

"Inasema *panic*, Shefu. Imeshikwa na woga."

"Woga?" Akashusha sauti. "Woga ya nani?"

Nilimweleza kwamba haimwogopi mtu. Kumbukumbu imejaa na ule ukingo wa kubadilishana umejaa, haina pa kuweka kazi, basi inaacha kila kitu na kulala chini. Alinisikiliza, akaikunja ile karatasi, akaitia mfukoni. Nadhani hakuamini kwamba mashine ya serikali inaruhusiwa kuandika neno hilo.

Ikawa hivyo kila siku. Tukapanga zamu: Jiolojia asubuhi, Magazini mchana. Kampuni ilikuwa imenunua mashine ya kuhudumia watu wengi kwa pamoja, na kwa kuongezewa diski ikawa ya mtu mmoja mmoja. Wakuu wa idara wakaanza kuviziana. Mkuu wa Magazini alifika mapema na kusimama mlangoni akiwa ameshika viatu mkononi, akisubiri mwenzake atoke. Mkuu wa Jiolojia, ndani, alikumbuka ghafula kwamba kuna tundu jingine la kuhesabu. Waligombana kwa Kifaransa mbele ya wafanyakazi, na walipochoka nacho wakaendelea kwa Kiswahili, ambacho kina matusi yanayokaa vizuri zaidi mdomoni. Na wakati wote huo, robo ya Chama ilikaa tupu kabisa. Mwakilishi hakuwahi kuweka hata herufi. Nilikuwa nikiiangalia kila asubuhi, nafasi ile nzuri, laini, isiyo na kitu, kama chumba cha wageni katika nyumba ambamo watoto wanalala jikoni.

Wazo lenyewe halikuhitaji akili nyingi. Katika kokwa kulikuwa na mstari unaoiambia mashine mahali pa kubadilishana ni kipande gani. Ningebadilisha jina pale, nikapika upya, na mashine ingetumia kipande cha Chama. Hakuna mpaka ambao ungesogezwa, wala idara ambayo ingepoteza kitu. Hata jina la kipande lingebaki lile lile.

Lakini sikulifanya. Nilikuwa mtu wa Musumba, na Kolwezi ya miaka ile mtu wa upande wa Kapanga hakuulizwa kwao wapi kwa sababu ya kutaka kumsalimia mjomba wake. Wale waliovuka mpaka na bunduki wakati wa vita walisema lugha ya mama yangu. Baada ya hapo kaka zangu wawili walijifunza kusema lugha hiyo nyumbani tu, madirisha yakiwa yamefungwa. Na sasa mi ndiye nikiguse cha Chama, nikitumie kama stoo? Niliona jinsi ambavyo ingesomwa: mwanamke wa Kilunda amekichukua kipande cha Chama, amekijaza takataka za mashine.

Nikamwambia Shefu, nikidhani atasema "tutaona" na mambo yataishia hapo. Tulikuwa tumekaa chumba cha mashine saa ya chakula, wenzetu wamekwenda kula. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akavua miwani akaifuta kwa pindo la abakosti.

"Umeambia mutu mwingine?"

"Hapana."

"Hata ku nyumba?"

"Hata nyumbani."

"Mama, weye kwenu ni Kapanga."

"Ndiyo, Shefu."

Akautazama mlango. Mashine ilivuma. Nikajuta kufungua mdomo.

"Basi usiandike weye," akasema. "Unionyeshe ni fasi gani. Nitaandika miye."

Nilidhani sikusikia vizuri. Alivuta kiti, akaketi mbele ya kibodi ambayo katika miaka yote hiyo sikuwahi kumwona akiigusa, na akauliza alianzie wapi. Nilimfungulia mstari. Akaliandika jina la kipande kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi, akitafuta kila moja kama anayechagua mchele. Mara mbili alikosea, na mara mbili nilimfutia. Alipomaliza alinitazama.

"Mutu akiuliza ni nani alifanya, utasema nini?"

"Shefu..."

"Njo vile. Utasema Shefu. Na haitakuwa uongo."

Tukapika. Asubuhi iliyofuata tulizima, tukawasha, na kokwa jipya likaamka bila kusitasita. Watu watatu wakaingia, kisha watano. Mashine ikakokota kidogo, ikajikusanya, ikaendelea. Chombo cha kuchapa hakikuandika neno lolote la woga. Mkuu wa Jiolojia alitamka hadharani kwamba hatimaye Magazini wameacha ulafi. Mkuu wa Magazini alisema vilevile kuhusu Jiolojia. Wakapatana, kila mmoja akiwa ameridhika na kushindwa kwa mwenzake, na nikarudi kwenye zile nyakati za amani ambapo shida yangu kubwa ilikuwa soksi.

Kisha mwakilishi wa Chama akaja.

Alivua viatu akiwa na furaha, akaingia, akajipepea kifuani mbele ya kiyoyozi. "Citoyenne," akaniambia, "kipande ya Chama inaendelea je?"

Nilishika kitabu cha maelekezo kana kwamba jibu limo ndani yake. Shefu alikuwa kwenye kona ya chumba. Akaja, akasimama kati yangu na yule bwana, kwa utaratibu, kama mtu anayesogea kumpisha mwingine.

"Citoyen," akasema, "ile njo kipande inatumika kupita byote."

"Kupita ya Jiolojia?"

"Kupita byote. Ya Jiolojia iko na saa yake, ya Magazini iko na saa yake. Ya Chama haipumuzike. Kila mutu mwenye kufanya kazi hapa, kazi yake inapita mule mbele. Bila ile kipande, mashini inakufa. Tumeona kwa macho."

Kila neno lilikuwa kweli. Ninaweza kuapa juu ya Biblia ya baba yangu. Mwakilishi alijaa kama unga uliotiwa chachu.

"Mi nilijua," akasema. "Mi nilisema mu mkutano. Ninaweza kuona?"

Shefu akanitazama. Nikaenda kwenye meza, nikaamuru mashine itoe kilichomo kwenye kipande kile. Kikatoka kilivyo: nusu ya mistari ya kina cha mashimo, jina la beringi likikatika katikati, saa za kazi za wachimbaji, herufi zisizosomeka, kisha tena namba za Mashamba. Makombo ya kazi ya kila mtu, yamechanganyika. Mwakilishi aliinama, akasoma kwa muda mrefu huku midomo ikitembea.

"Bote beko humu," akasema polepole. "Jiolojia. Magazini. Hata ba ouvriers ba mu mashimo." Alinyooka. Nadhani kweli alikuwa ameguswa. "Njo umoja."

Akatupa mkono, mimi kwanza, akavaa viatu na kuondoka.

Shefu alitoka baada ya dakika chache kwenda kuvuta hewa. Nilimfuata. Alikuwa ameketi kwenye ngazi ya mlangoni, kiatu kimoja amevaa, kingine amekishika, na kila alipoielekeza kamba kwenye tundu ilipita kando.

"Ngojea kiloko, Mama," akasema.

Nikakaa ngazi ya juu yake, nikangoja hicho kidogo. Malori yalipita barabarani, vumbi likapanda likashuka. Nilikuwa nimemwita pazia moyoni mwangu kwa miaka, na hapo nikaona jinsi ilivyo rahisi kumcheka mtu mwoga hadi siku atakaposimama mbele yako akiwa bado anaogopa. Baadaye alifunga kamba, akasema twende tukale, na nyumbani kwao mkewe akatupa bukari, ugali wetu, na samaki wa kuchoma, na hatukuzungumza habari ya diski hata kidogo.

Ningependa kusema mambo yaliishia hapo, lakini mwakilishi alikuwa mtu wa bidii. Alipeleka habari juu. Haukupita muda tukapata ugeni, na ugeni ule ulikuja na kikundi cha wacheza ngoma wa Chama, vikwembe vya sare vyenye picha ya mtu mmoja mbele na nyuma. Walicheza uani, nje ya ukuta wa chumba cha mashine, kusherehekea Chama kuingia katika teknolojia. Walikanyaga ardhi kwa uzalendo mkubwa. Ndani, nilisimama nimeikumbatia ile diski kwa mikono miwili, kwa sababu vitabu vilisema mtikisiko unaweza kuua, na nje tulitakiwa kushangilia. Mwenzangu alishangilia na kwa niaba yangu.

Halafu ukaja uamuzi: biro nyingine za kompyuta mkoani nazo zitenge kipande cha Chama, kwa mfano wa Kolwezi. Siku hiyo hiyo teleksi ikafika kutoka Lubumbashi. Aliyeituma alikuwa mtunza kompyuta wa huko, mwanamume ambaye sikuwa nimemwona kamwe. Hakusalimu wala hakuuliza habari za nyumbani. Aliuliza tu: wametuamuru tutoe robo, je, ninyi mle ndani mnaweka nini?

Nilikaa mbele ya mashine ya teleksi nikifikiria majibu marefu, yenye adabu, ambayo yeyote mwingine angeweza kuyasoma bila kutupeleka pabaya. Mwishoni nikaandika neno moja: swap.

Shefu alikuwa akisoma nyuma ya bega langu. Nilisikia pumzi yake ikikatika, nikageuka nikidhani amekasirika. Alikuwa anacheka. Sikuwahi kumsikia akicheka kabla ya hapo. Kilikuwa kicheko chembamba, cha puani, kilichomtoa machozi mpaka akashikilia ukingo wa meza. Akavua miwani, akaifuta, akaivaa, akasoma tena lile neno, akaanza upya.

"Peleka," akaniambia alipoweza kusema. "Peleka mbio, mbele ya batu ba Lubumbashi kufanya mkutano."